Orodha Yako Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuamua Jambo Zito kwa Msaada wa Akili Mnemba

Swali hili nimeshalipokea kwa sura nyingi mno. "Niliuliza akili mnemba, ikanipa machaguo matatu, nikachagua mwenyewe, mbona limeharibika?" Mmoja ana ekari tatu Chamwino. Mwingine anataka mkopo wa friza. Mwingine ana kijana anayejaza fomu za chuo. Nikiomba nione mazungumzo yenyewe, kosa huwa lilelile, na mara nyingi halimo ndani ya jibu. Limo kwenye sentensi ya kwanza aliyoandika muulizaji.

Mfikirie muuza mitumba wa Sabasaba. Anachomoa mashati matatu kwenye balo, anakutandazia mkononi: "Kaka, chagua, lipi hapa?" Unachagua kweli, hakuna aliyekushika mkono. Ila balo bado limejaa, na aliyeamua uone yapi ni yeye.

Mwongozo huu ni wa mambo mazito: shamba, mkopo, shule, kuhama, kuacha kazi. Ukitaka kujua namna ya kutoa doa la zabibu kwenye shati, uliza tu na uendelee na siku yako.

Mfano nitakaoushikilia ni wa dada wa Chamwino mwenye ekari tatu. Aliandika hivi: "Nina ekari tatu Dodoma, nipande mahindi au alizeti?" Msaidizi wa akili mnemba akamweleza faida na hasara za mahindi, kisha za alizeti, akamalizia: "Ungependa nikuandalie ratiba ya kupanda mahindi?" Dada akajibu, "Ndiyo." Zikafuata kurasa za mbolea, nafasi kati ya mashimo na dawa za viwavi. Akanunua mbegu. Februari mvua ikakatika, mahindi yakakauka yakiwa yanatoa mbelewele. Tulipitia mazungumzo yale pamoja, mstari kwa mstari, tukitafuta mahali alipoamua kupanda mahindi. Hatukupaona.

## Mahitaji

Daftari na kalamu. Usitumie sehemu ya kuandikia iliyomo kwenye simu. Ukiishika simu kuandika, dakika mbili baadaye utakuwa umeshamuuliza msaidizi.

Simu yenye msaidizi yeyote. ChatGPT, Gemini, au kile kiduara kilichojiweka chenyewe ndani ya WhatsApp, kama kwako kipo. Hatua hazibadiliki.

Namba zako mwenyewe. Ekari, pesa iliyopo mkononi, watu wa kufanya kazi, magunia ya msimu uliopita. Usikisie.

Watu wawili wanaolijua jambo hilo kwa mikono yao, wasiotegemea kukuuzia kitu.

Usiku mmoja wa kulala kabla ya kulipa chochote.

Vitu vya kuacha nje kabisa: namba ya NIDA, picha ya hati ya kiwanja, namba ya siri ya simu, majina ya watu wengine. Unachomwandikia msaidizi hakipotei hewani. Meta, kwa mfano, wenye WhatsApp na kile kiduara chake, ilitangaza Oktoba 2025 kwamba kuanzia tarehe 16 Desemba mwaka huo mazungumzo ya watu na msaidizi wake yangetumika kuchagua matangazo wanayoonyeshwa. Ukiongea naye habari za mkopo leo, usishangae mkopo ukikufuata kesho.

## Hatua ya 1: Andika orodha kabla ya kuwasha data

Data ikiwa imezimwa, andika machaguo yako yote. Yasipungue matano. La mwisho liwe "nisifanye" au "nisubiri".

Kwa ekari tatu za Chamwino orodha inaweza kuwa hivi: mahindi, alizeti, mtama, uwele, karanga, kukodisha shamba, kuliacha lipumzike msimu mmoja. Yako saba hayo. Dada yetu aliuliza mawili, akapata majibu ya mawili.

Kwa nini kabla? Kwa sababu akili ya mtu ikishaonyeshwa vitu vitatu, huanza kulinganisha hivyo vitatu. Cha nne kinakuwa kigumu kukifikiria, hata kama ni kitu ulichokua nacho. Dada huyu amelelewa kwa ugali wa uwele. Baba yake alikuwa anaberega shamba lilelile, yaani anapanda bila kulima kwanza, anapanda mtama. Ila uwele haukumjia kichwani hata mara moja alipokuwa anasoma kile kioo cha simu.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe sawa. Kwa mbegu, nani kakwambia?

Jua umefanikiwa pale ambapo orodha ina walau jambo moja linalokutia aibu kidogo: la kizamani, la kishamba, au la kukiri kwamba pesa haitoshi. Kama yote yanapendeza, umeandika orodha ya kuwaonyesha watu.

## Hatua ya 2: Andika utakachojutia

Sentensi tatu tu, kwa mpangilio wa uzito. Dada angeandika: "Kwanza, watoto wasikose chakula mvua ikikatika. Pili, nisiingie deni la mbolea. Tatu, nipate pesa ya ada."

Ziandike sasa, maana usipompa msaidizi vipimo atatumia vya kwake, na kipimo chake cha kawaida katika mambo ya kilimo ni mavuno makubwa na faida. Hilo si kosa lake. Ndicho kinachoandikwa zaidi.

## Hatua ya 3: Uliza bila kuegemea upande

Washa data. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Msaidizi wa akili mnemba hutunga jibu neno baada ya neno, akikadiria neno gani linafaa kufuata kutokana na maandishi mengi mno aliyofunzwa nayo na kutokana na maneno yako. Mambo mawili yanafuata.

La kwanza: maandishi hayo hayajagawanywa sawa. Ya Kiingereza ni mengi kuliko ya Kiswahili, na yanayoeleza mahindi ni mengi kuliko yanayoeleza uwele wa Ugogo. Usipotaja mahali na mvua yake, utapewa ushauri wa kwingine uliovishwa jina la Dodoma. Nimewahi kuona shamba la Bahi, wilaya kavu ya Dodoma, likipendekezewa parachichi.

La pili: wasaidizi hawa hunolewa pia kwa watu kupima majibu yao, lipi zuri, lipi baya. Na binadamu tunapenda kukubaliwa. Matokeo yake msaidizi huelekea kukubaliana nawe. Ukiandika "Nafikiria kupanda mahindi, unaonaje?" umeshajibu swali. Yeye atakuletea sababu tu.

Kwa hiyo usitaje unachokipenda. Andika hivi, ukibadilisha namba:

*"Nina ekari tatu Chamwino, Dodoma. Mvua ya hapa ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hukatika katikati. Nina shilingi laki sita na watu watatu wa kazi. Machaguo yangu ni haya saba: … Vipimo vyangu kwa mpangilio wa uzito ni hivi: … Kwa kila chaguo nieleze litavunjika vipi mvua ikikatika wiki tatu. Usinipendekezee lolote."*

Sentensi ya mwisho ndiyo ya thamani. Unampa kazi ya kukusanya na kupima, unabaki na kazi ya kuamua. Ukitaka pendekezo lake, utaliomba baadaye, ukiwa tayari kulipinga.

Tahadhari: atapendekeza hata hivyo. Mara nyingi atachomekea "hata hivyo, mtama unaonekana kufaa zaidi" mwishoni. Usikasirike na usifuate. Mwambie afute, aeleze tena.

Umefanikiwa ukipata maelezo ambamo kila chaguo lina ubaya wake ulio wazi, likiwemo lile ulilokuwa unalipenda kimoyomoyo.

## Hatua ya 4: Geuza meza

Usipofanya hatua nyingine yoyote, fanya hii. Bando linaloliwa ni dogo sana.

Fungua mazungumzo mapya kabisa. Ukibaki kwenye yale ya zamani ataendelea kuvuta kamba ileile, maana anasoma yote mliyokwisha kuandikiana. Kama msaidizi wako ana kumbukumbu inayovuka mazungumzo, izime kwenye mipangilio kwanza. Kisha fanya majaribio matatu, ukiandika tokeo la kila moja kwenye daftari.

Jaribio la kwanza, rudia swali lako lilelile, safari hii ukiomba achague moja. Maneno yake huchaguliwa kwa kukadiria na humo mna bahati nasibu kidogo, kwa hiyo swali moja laweza kuzaa majibu mawili.

Jaribio la pili, katika mazungumzo mengine mapya, geuza mpangilio: la mwisho liwe la kwanza. Mpangilio wa machaguo huweza kuyumbisha jibu, hata pale ambapo kitu kingine hakijabadilika.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda. Mpe maoni ya uongo. Mwambie: "Jirani yangu anasema uwele. Mimi naona amekosea." Soma. Fungua mengine, mwambie: "Jirani yangu anasema mahindi. Mimi naona amekosea." Soma tena. Akikuunga mkono mara zote mbili, ujue alikuwa anakuangalia wewe usoni, siyo shamba.

Sasa tazama daftari. Chaguo lililosimama katika majaribio yote lina sababu za kusikilizwa. Lililotokea mara moja likapotea, lichukulie kama kete iliyorushwa. Mtu akikwambia kwa sauti ya upole na aya zilizopangwa vizuri kwamba kete imeangukia sita, bado ni kete.

Dada tuliporudia swali lake lile la awali mara nne, tulipata mahindi mara mbili, alizeti mara moja, na mara moja "changanya vyote viwili". Mara zote nne jibu lilikuja na uhakika uleule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata yeye hakuchagua."

Ndivyo. Sitaingia kwenye mjadala wa kama binadamu tuna hiari kamili. Umewashinda wenye vilemba vyao, na mimi nina kuku wa kulisha. Ila katika mazungumzo yale ya kwanza, mmoja alikadiria maneno, mwingine akasema ndiyo, na ekari tatu zikapandwa.

## Hatua ya 5: Tafuta kilichoachwa

Muulize: *"Ni chaguo gani ambalo mtu wa hapa angelifikiria na wewe hukulitaja? Taja matano."* Mengine yatakuwa ya ajabu. Moja huenda likafaa.

Lakini usiishie hapo, maana orodha ya vilivyoachwa inatoka kinywa kilekile. Niwape mfano wa yule wa friza, mama lishe wa Majengo. Aliuliza akopeshwe wapi. Akapewa benki, programu za mikopo ya simu, na SACCOS. Akachagua mkopo wa simu kwa sababu hauhitaji dhamana, na riba ikamla hadi sufuria.

Ambacho hakikutajwa: kila halmashauri hapa nchini hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tulipomtajia msaidizi mikopo hiyo kwa jina, akajibu kwamba imesitishwa. Ilisitishwa kweli mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejeshwa mwaka 2024. Alikuwa anasoma habari ya jana. Afisa maendeleo ya jamii wa kata angemweleza kwa dakika tano, bure.

Kanuni yangu: chochote kinachotegemea serikali, bei au mvua ya mwaka huu, jibu la msaidizi ni fununu mpaka mtu wa karibu alithibitishe.

## Hatua ya 6: Usilijibu swali lake la mwisho

Angalia majibu ya wasaidizi hawa. Mengi humalizika kwa ofa: nikuandalie ratiba? Nikuandikie barua? Nikupigie hesabu ya gharama za mahindi? Inaonekana kama ukarimu, na pengine ni ukarimu. Ila swali lile limeshachukua chaguo moja na kulifanya msingi. Ukisema "ndiyo", hukujibu kuhusu ratiba tu. Umepanda mahindi.

Kisha kazi huanza kukufunga. Ukishakuwa na ratiba, na hesabu, na orodha ya pembejeo, kurudi nyuma kunauma kana kwamba unapoteza kitu, wakati hujatoa hata shilingi. Watu wa mnadani wanaujua mchezo huu. Hawakuulizi kama unanunua mbuzi. Wanakuuliza umfunge kamba au umbebe kwenye pikipiki.

Fanya hivi: jibu likimalizika kwa ofa, weka simu chini. Rudi kwenye daftari, soma sentensi zako tatu za Hatua ya 2. Kama bado unataka hesabu, iombe kwa machaguo yote yaliyobaki, siyo kwa lile alilolitaja. *"Nipigie hesabu ya mtama, alizeti na karanga kwa pamoja, kwa muundo mmoja."*

Umefanikiwa siku utakapoanza kucheka ukiiona ile ofa.

## Hatua ya 7: Pelekea watu

Chukua machaguo mawili au matatu yaliyobaki, nenda nayo kwa wale watu wawili. Usiende na simu mkononi ukasema "akili mnemba imesema". Ukisema hivyo wengine watanyamaza kwa heshima, wengine watabisha kwa ubishi tu, na wote hawatakusaidia.

Kwa shamba la Dodoma, milango iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Afisa ugani wa kata yupo. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) cha Hombolo kinashughulika na mtama na uwele, na cha Makutupora ndicho cha zabibu. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutoa utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili. Usikilize kabla ya kununua mbegu. Bei ya mahindi kaulizie Kibaigwa, sokoni, kwa mtu aliyeshika gunia.

Na muulize jirani swali ambalo kioo hakiwezi kulijibu: nani atawinga ndege? Mtama unavumilia ukame, lakini kwelekwelea hawana huruma, na shamba la mtama lisilo na mtu wa kushinda humo ni karamu yao. Dada yetu ana watoto wanaoshinda shule. Hilo peke yake lilibadilisha hesabu yake, na halikuwemo katika jibu lolote kati ya manne.

## Hatua ya 8: Lala, kisha andika uamuzi simu ikiwa imezimwa

Asubuhi, kabla ya kuwasha kitu, andika sentensi mbili. Moja: "Nimechagua … kwa sababu …" Ya pili: "Nimeacha … ingawa …"

Ya pili ndiyo kipimo. Asiyeweza kueleza uzuri wa chaguo aliloliacha hajachagua, ameletewa. Rudi Hatua ya 4.

Dada aliandika: "Nimechagua ekari mbili za uwele na moja ya alizeti kwa sababu nataka chakula kwanza na sina pesa ya mbolea. Nimeacha mahindi ingawa watoto wanayapenda zaidi na mwaka mzuri yanalipa." Uwele nao huliwa na ndege, lakini amepatana na mama mkwe wake awe anashinda shambani wakati wa kukomaa. Msaidizi hamjui mama mkwe huyo.

Sasa, ndiyo, mwombe akuandalie ratiba. Kwa kazi hiyo ni mzuri sana: tarehe za kupalilia, hesabu ya kilo za mbegu, ujumbe wa kumwomba afisa ugani aje. Mbegu zikague na muuzaji mwenye leseni, na namba yoyote ya dawa isome kwenye lebo ya chupa, siyo kwenye simu.

## Ukikwama

*Majaribio yote matatu yametoa jibu moja, ila moyo unakataa.* Moyo wako una taarifa ambayo hukuiandika. Itafute, iongeze kwenye swali, anza Hatua ya 3. Mara nyingi ni mtu: mume, deni la kaka, kiwanja chenye mgogoro.

*Machaguo ni mengi mno, kichwa kinauma.* Futa yale yanayovunja sentensi yako ya kwanza ya Hatua ya 2. Usimwombe msaidizi afute.

*Sina muda, naamua leo.* Fanya Hatua ya 1, ya 4 na ya 8, hata kama ni ndani ya bajaji. Ukiambiwa ofa inaisha leo saa kumi, iache iishe.

*Sijui kusoma vizuri, namtumia mtoto.* Mtoto aandike maneno yako kama ulivyoyasema, na akusomee jibu zima. Watoto hupenda kusoma mstari wa mwisho tu, na mstari wa mwisho, tumeshaona, ni ofa.